Shibe Isiyolisha

Mtoto alikuwa ameshiba. Hilo halikuwa na ubishi. Tumbo lilikuwa duara na gumu kama ngoma iliyowambwa jana, na kijiko cha uji kilipomkaribia alifunga mdomo, akageuza uso, akacheua. Lakini mizani ya zahanati ya Mlangwe, iliyoning'inia kwenye boriti ya baraza, ilisema kilo sita na robo. Mwezi uliopita ilisema sita na nusu. Mwezi wa kabla yake, saba kasoro.

"Miezi kumi na minne," alisema nesi, akiikodolea macho mizani kana kwamba ndiyo yenye homa. "Huyu alitakiwa awe na kilo tisa. Mama Seche, unamlisha mara ngapi kwa siku?"

"Mara nne. Tano angetaka, ila hataki. Ameshiba, nesi! Nifanye nini? Nimpasue nimwage uji wa zamani nitie mpya?"

Wanawake waliokaa kwenye benchi wakacheka, kicheko kifupi kilichokatika kabla hakijafika machoni. Kila mmoja alipakata mtoto wa namna hiyohiyo: tumbo la tajiri, mikono ya njiti. Nesi aliwahesabu kwenye daftari lake. Seche alikuwa wa arobaini na moja.

Nyuma ya benchi alisimama Nyemo Chilongani, shangazi wa mtoto, aliyefika asubuhi ile kutoka mjini kwa likizo ya siku tatu. Kaka yake, aliyekuwa machungani na ng'ombe, alikuwa amemwandikia kwamba Seche "anakua taratibu". Taratibu! Nyemo aliangalia mbavu za mpwa wake zikipanda na kushuka. Kisha macho yake yakaangukia kwenye mifuko mitupu ambayo akina mama walikuwa wameitandika wakaikalia. Kila mfuko ulikuwa na picha ya suke jekundu, na chini yake maneno: KULA KIDOGO, SHIBA SIKU NZIMA.

"Nesi," aliuliza, na sauti ikamtoka nyembamba. "Hawa wote wanakula unga gani?"

"Unga gani tena, dada? Kwani kuna unga mwingine?"

Hakukuwa na mwingine. Ulikuwa mwaka wa sita tangu Sheria ya Mbegu ipite, na katika nyanda kavu zote ulipandwa mtama mmoja tu, Shibe Namba Saba. Ulistahimili jua, ndege hawakuugusa, na ulizaa hata pale mvua iliponyesha mara nne msimu mzima.

"Muulize yeye mwenyewe, nesi," alisema Mama Seche, akimfunga mwanawe mgongoni kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. "Si ndiye aliyeuzaa huo unga? Sisi hapa kila mtu na katoto kake kamoja. Wifi yangu ana mamilioni ya watoto, wamejaa maghala, na wote wanene."

*

Jikoni, Mama Seche hakumkaribisha wifi yake kiti. Aliinjika sufuria mbili, akapika uji mzito katika kila moja, uji wa kusimamisha mwiko. Ya kulia ilikuwa ya unga wa mfuko. Ya kushoto ilikuwa ya unga alioumimina kutoka kwenye kibuyu kidogo, bila kusema ni wa nini. Alipozitua chini zikapoa kidogo, alifungua kipande cha kitambaa, akachota kimea, unga wa nafaka iliyochipushwa, kwa ncha za vidole, akanyunyiza huku, akanyunyiza na kule.

"Usiandike," alisema, maana Nyemo alikwisha kutoa kalamu. "Tazama."

Uji wa kushoto ukalegea. Mwiko uliokuwa wima ukainama, ukalala. Alipoukoroga mara tatu ulitiririka kama maziwa, na Nyemo alipolamba aliukuta na utamu mwepesi, utamu wa mtama uliofunguka. Hivyo ndivyo walivyolishwa wote Mlangwe kabla ya Shibe. Kimea kidogo, na uji mzito wa kushinda tumbo la mtoto unakuwa mwepesi wa kunyweka, wenye nguvu ileile.

Uji wa kulia ulibaki umesimama.

"Nimekoroga hadi bega linawaka," alisema Mama Seche. "Togwa nimeipika tangu sijavunja ungo. Wiki iliyopita nikaambiwa nipike ya harusi ya Mzee Chibago. Togwa ya unga wako haikolei. Ukiipa siku mbili, haikolei. Tatu, haikolei. Imekaa tu mtungini inakuangalia. Ndipo nikajiuliza, ikiwa haimegwi na kimea, itamegwa na tumbo la Seche? Uliweka nini humu, Nyemo?"

"Sikuweka kitu," alijibu Nyemo polepole. "Nilitoa."

Alilielewa jambo zima kabla uji haujapoa. Wanga ni minyororo ya sukari. Katika mtama wa zamani minyororo ile ina matawi mengi, na kimea, kama yalivyo mate na utumbo wa mtu, huimega kuanzia kwenye ncha za matawi. Miaka tisa iliyopita Nyemo alikuwa ameizima jeni moja, ile inayotengeneza matawi. Minyororo ikabaki mirefu na mitupu, ikalaliana kwa kubanana kama fito za paa lisilopitisha hata mwanga. Kimea hakioni pa kuuma. Tumbo linajaa, halichukui kitu cha maana, na chakula kinapita kilivyoingia.

Aliutengeneza kwa ajili ya wagonjwa wa sukari. Baba yake alikufa na mguu mmoja kwa sukari. Mtu wa mjini aliyekula hadi kuugua angekula huu, akashiba, na damu yake isijue. Hata Mlangwe mtu mzima alikuwa na mlenda, karanga, kikombe cha maziwa ng'ombe wakiwa karibu. Mtoto anayeachishwa ziwa ana uji. Hana kingine.

Kisha akashtuka. "Wifi. Hiki kimea umekitoa wapi?"

Maana Shibe haichipui. Jeni ya pili, iliyotiwa na watu wa maabara iliyo jirani na yake katika Kituo cha Mbegu, huilaza mbegu usingizi tangu ikiwa changa kwenye suke, na haiamki mpaka inyunyiziwe dawa inayoletwa na Kituo kila msimu. Ukiiloweka ili uoteshe kimea, inaoza.

Mama Seche aliinua kidevu kuelekea darini. Juu ya mafiga, ndani ya moshi, yalining'inia mashada ya masuke meusi kwa masizi: lugugu, mtama wa babu zao. Nyuma yake, kwenye kona, kulikuwa na kihenge cha nafaka kilichozibwa kwa udongo hadi kikafanana na ukuta.

"Madebe matatu," alisema. "Kila mwaka nalima kamraba kadogo nyuma ya miiba ya zizi. Wenye sheria yao wanaiita mbegu huria. Kifungo miaka mitatu, na mbegu inachomwa. Haya, umeona. Nenda kanishtaki."

"Kwa nini humpi Seche huu?"

"Nimeanza jana!" Sauti ya Mama Seche ilipasuka. "Ni mbegu hii, Nyemo. Sikuificha miaka sita ili niile. Nilijua mwanangu anaumwa, sikujua analishwa hewa. Na nikimpa wangu, wale arobaini je? Wote wakila, wiki tatu imekwisha, na Mlangwe haitakuwa tena na punje inayoota yenyewe."

*

Kesho yake Nyemo aliingia ofisini kwa Mkurugenzi wa Kituo cha Mbegu bila kubisha hodi, akaweka mezani chupa mbili za chai zenye uji, na bahasha yenye kimea.

Dakta Lugano Mwaipaja alikuwa mtu mpole, mwenye tabia ya kufuta miwani yake pale ambapo wengine hupandisha sauti. Alitazama uji mmoja ukilegea na mwingine ukisimama. Alisikiliza habari za mizani, za watoto arobaini na moja. Kisha akavuta droo, akatoa jalada, akalifungua mahali palipokwisha kuwekwa alama.

"Unanionyesha kitu ulichokiandika wewe," alisema. "Ukurasa wa mia moja na kumi na mbili. 'Mtama huu haufai kuwa chakula kikuu cha mtoto wa chini ya miaka mitano.' Sahihi yako hii hapa."

"Najua nilichoandika! Sentensi hiyo ilitakiwa kuwa kwenye mfuko!"

"Ilikuwamo kwenye rasimu ya mfuko. Mfuko wenyewe ukawa na nafasi ndogo."

"Picha ya suke ilienea!"

Mkurugenzi alifuta miwani. Na hapo Nyemo aliijua hasira mbaya kuliko ile aliyokuja nayo. Kwa miaka sita aliipita mifuko hiyo ghalani kila asubuhi, akaipigapiga kwa kiganja kama mtu anayempongeza mwanawe, na hakuwahi hata siku moja kuugeuza mmoja asome nyuma.

"Nyemo, dada yangu. Kabla ya Shibe tulikuwa tunazika. Umesahau? Msimu ule wa magari ya kuchukua maiti? Mwaka jana tuliuliza kaya elfu thelathini swali moja: jana ulilala na njaa? Tisini na saba kwa mia walijibu hapana."

"Kwa sababu wameshiba! Mtu ukimjaza mchanga naye atasema ameshiba!"

"Sawa. Nikatangaze leo kwamba shibe yao si shibe. Waupige teke huu mtama. Mvua inaanza baada ya wiki tatu. Niambie wewe, daktari wa mtama, wapande nini?"

Lililomuuma Nyemo zaidi ni kwamba mtu yule mwovu alikuwa na swali, na swali lilikuwa la kweli.

"Na hiki," Mkurugenzi aliendelea, akiigusa bahasha kwa ncha ya kalamu, "ni kimea. Mama yangu alikuwa muuza pombe, Nyemo. Nimesomeshwa kwa kimea. Shibe haichipui. Kimeota kutoka kwenye nini?"

Ndipo alipouona ujinga wake, ujinga wa msomi, usioweza kufanywa na mtu aliyewahi kuficha kitu. Alikuwa amefundishwa kutoonyesha tokeo lolote bila kielelezo cha kulinganishia. Basi alikuwa amekibeba kielelezo, akakifunga vizuri, akakiweka mwenyewe juu ya meza ya adui.

"Likizo ulikwenda kwa kaka yako, Mlangwe," alisema Mkurugenzi kwa upole uleule. "Wakaguzi watafika huko Alhamisi, hilo siwezi kulizuia. Ila sikiliza. Mtoto wenu aletwe, alazwe wodi ya Kituo, apewe maziwa ya tiba hadi asimame. Wifi yako asalimishe mbegu kwa hiari yake, sitamshtaki. Na wewe unipe misimu miwili ya kimya. Tutengeneze Namba Nane pamoja."

"Na wale arobaini?"

"Nimesema mtoto wenu."

*

Mama Seche alikuwa uani akipepeta. Alisikiliza yote bila kuuacha ungo, na makapi yalikuwa yakiruka na kutua, yakiruka na kutua, hadi neno moja lilipomsimamisha.

"Ulipeleka kimea changu? Kwa mkono wako?"

"Ndiyo, wifi."

"Ukamwonyesha?"

"Ndiyo."

"Mungu wangu. Na elimu yote hiyo." Akacheka, kicheko kilichomfanya Nyemo aone heri kofi. "Hata mbuzi wangu anajua kunyamaza akiwa shambani kwa watu."

"Nitukane utakavyo. Lakini mchukue mtoto umpeleke. Gari nimekuja nalo. Seche atapona, wifi. Maziwa yale nayajua, katika mwezi mmoja humtambui."

Mama Seche aliweka ungo chini. Alimtoa Seche mgongoni, akampakata, akakaa kitambo akimpima kwa mikono kama mtu anayepima mzigo wa kubeba safari ndefu. Mtoto alimshika pua. Mama akafumba macho. Nyemo alijua kwamba pale, bila kelele, mtu alikuwa anakatwa vipande viwili, na kwamba kisu amekileta yeye.

"Wewe ungempeleka?" aliuliza Mama Seche.

"Ningempeleka. Saa hii hii."

"Wewe unamwona mmoja tu. Ndiyo maana unga wako uko vile."

Akainuka, akamkabidhi Nyemo mtoto, akaingia jikoni. Mara ukasikika mchi ukipiga udongo mkavu: mara moja, mara mbili, na ya tatu kihenge kikapasuka.

Kabla jua halijageuka, akina mama wa Mlangwe walikuwa wamejaa uani na bakuli zao. Hakuna aliyetoa hotuba. Mama Seche aliwaambia kwa maneno machache yaliyojaa matusi, kisha akapima. Kila aliye na mtoto alipata vibaba viwili, kimoja cha kupika, na kimoja cha kufukia mahali anapopajua yeye peke yake, mpaka mvua.

"Kidogo mno hiki!" mmoja alilalamika. "Wangu ni mapacha!"

"Hata mimi nakiona kidogo, Mama Mapacha. Changanya na karanga, wape, usisubiri walie. Hawa hawalii njaa, wameshibishwa wasilie."

Nyemo alisogea asaidie kupima. Mama Seche akamsukuma kwa kiwiko. "Wewe geukia ukutani. Kile usichokiona hutakiweka mezani kwa mtu."

Akageuka. Daktari wa mtama, mwenye shahada tatu, akasimama akitazama ukuta wa udongo na mtoto begani, na nyuma yake punje zilikuwa zikimwagika bakulini, bakuli kwa bakuli. Machozi yalimtoka, lakini hayakuwa ya huzuni. Alikuwa na hasira ya kuweza kuuma ule ukuta.

*

Wakaguzi walikuwa watatu, na walifika Alhamisi saa nne asubuhi, na gari lenye nembo ya suke. Mkuu wao, Afande Msangazi, alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya uchovu. Alikuwa na kifaa cha ukubwa wa tochi. Ukikielekeza kwenye vumbi kinaonja punje zilizopita hapo na kukuambia ukoo wao. Kwenye kona ya jiko, ndani ya kihenge kitupu, kililia.

"Mbegu huria," alisema Afande, akitoka jikoni kuja uani ambako nusu ya kijiji ilikuwa imekwisha kukusanyika. "Haina hata siku tatu tangu itolewe. Ya nani?"

"Yangu," alisema Nyemo haraka. Alikuwa ameliandaa neno hilo tangu alfajiri. "Mimi ni mtafiti wa Kituo. Niliileta mwenyewe na kuificha hapa. Mwenye nyumba hajui lolote."

"Mwongo huyo!"

Mama Seche alipita katikati ya watu, akaja kusimama mbele ya Afande, mikono kiunoni.

"Hajui hata kupepeta! Mpeni ungo hapa muone kama hatajimwagia usoni. Mbegu ni yangu mimi, Yunisi Masaka. Nimeilima, nimeificha, nimeigawa." Kisha akamgeukia Nyemo, na sauti ikashuka, na ilivyoshuka ikazidi kukata. "Mmetuchukulia mashamba, mkatuchukulia chakula tumboni mwa watoto. Usiniibie na kosa langu pia."

Watu waliguna. Mtu mmoja alipiga makofi, akaacha. Nyemo alikuwa ametaka kuutoa mwili wake sadaka ili asihitaji kutoa kile kingine, ukweli wake, na wifi yake alikuwa ameiona hila hiyo waziwazi kama jiwe kwenye mchele.

Basi akabakiwa na kile kingine.

"Afande," alisema. "Nina maelezo yanayohusu kesi hii. Andika."

"Daktari, si lazima..."

"Mtu akisema ana maelezo, unaandika. Ndiyo sheria yenu. Andika."

Afande Msangazi akapumua, akakalia kinu kilichopinduliwa, akaweka fomu gotini. Nyemo alisema taratibu, na alipomaliza aliusukuma mkono uliokuwa unampa kalamu.

"Nisomee kwanza."

"Aah, soma mwenyewe bwana. Umesoma kuliko mimi."

"Mtoa maelezo anasomewa kwa sauti, mbele ya mashahidi, ndipo anatia sahihi. Mashahidi hawa hapa. Nisomee."

Afande aliwaangalia wale mashahidi, wanawake mia na ushei, wengine na mtoto mgongoni. Akakohoa. Akaanza kwa sauti yake ya ofisi, ile inayosoma bila kusikia.

"Mimi, Nyemo Chilongani, ndiye niliyetengeneza mtama uitwao Shibe Namba Saba. Wanga wake hauvunjiki tumboni. Niliutengeneza ushibishe bila kulisha. Mtoto wa chini ya miaka mitano akiutegemea atakonda huku ameshiba, na asipopewa chakula kingine atakufa. Kituo kilijua... kilijua kabla ya mfuko wa kwanza kutoka ghalani. Mimi nilijua pia, na sikuuliza. Mwanamke huyu anashtakiwa kwa kuwa na mtama unaolisha watoto. Naomba mahakama..."

Sauti ilikuwa imekwisha kupungua tangu mstari wa tatu. Sasa ilizimika kabisa. Macho yake yalirudi juu kwenye karatasi, midomo ikatembea peke yake juu ya maneno aliyoyaandika kwa mkono wake mwenyewe bila kuyasikia. Wale wakaguzi wawili walitazamana.

"Daktari," alisema Afande Msangazi, na hiyo haikuwa sauti ya ofisi. "Chini ya miaka mitano. Hata wa miaka mitatu, kama wangu?"

"Hata wa mitatu."

Kutoka nyuma kabisa, kwenye lango la uani, mwanamke mmoja akapaza sauti:

"Toa sauti, afande! Huku hatusikii!"

Afande Msangazi akavua kofia yake. Akasimama kutoka kwenye kinu, akavuta pumzi hadi vifungo vya shati vikakaza, akaanza upya kutoka juu.